Nailoni Niliyonunua Kitai

Tangu nirudi kutoka Ruvuma, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilitabiri mvua huko? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu limekuwa likiwachosha watu kabla halijafika Songea, ndiyo maana nimeliandika. Atakayechoka aweke karatasi chini, anywe chai, aendelee kesho.

Kuna mambo mawili ambayo msipoyajua mtapotea. La kwanza ni makala. Mnajua kwamba siku hizi magazeti yanazaliwa kila wiki, na kwamba moja limenipa ukurasa wa ndani niandike lolote mradi lisimguse mwenye gazeti. Mwezi mmoja nilikosa la kuandika, nikaandika juu ya utabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa nimesoma katika jarida la zamani kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani aliilisha kompyuta yake hesabu za hali ya hewa mara mbili, na mara ya pili akakata tarakimu chache za mwisho, ndogo kiasi kwamba mimi na wewe tungesema si kitu. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ndani ya mashine ilikuwa nyingine kabisa. Ndipo ukaja ule usemi kwamba kipepeo akipiga mabawa hapa anaweza kuleta tufani kule. Wataalamu wanaiita nadharia ya vurugu. Maana yake, nilivyoelewa mimi, si kwamba vipepeo wana nguvu. Maana yake ni kwamba huwezi kuwahesabu wote. Kwa hiyo utabiri wa kesho unaweza kusikilizwa, wa wiki kadhaa mbele ni kubahatisha, hata ukiwa na kompyuta ya ukubwa wa uwanja wa mpira. Hesabu mimi niliachana nazo kidato cha nne, kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini hilo sikuliandika. Gazeti liliweka na picha yangu nikiwa nimekunja uso, nikaonekana kama mtu anayejua kitu.

La pili ni Skola, mdogo wa mke wangu. Ameolewa na Mmatengo aitwaye Kosmas, juu milimani, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Mwaka juzi uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika wakati mvua imekata barabara, na mtoto hakupona. Safari hii mama yao, ambaye anakaa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alitoa amri: huyu atazaliwa Liuli, karibu na hospitali na karibu na masikio yangu. Mbinga nayo ina hospitali, lakini haina mama yake. Kosmas asingeweza kutoka, kwa kuwa ni majira ya kuandaa mashamba ya maharage. Mke wangu alikuwa anasimamia mitihani. Mimi, kwa maoni ya familia nzima, sina kazi. Nikatumwa nimchukue Skola Mbinga nimfikishe Liuli kabla uchungu haujaanza. Kazi ilikuwa hiyo tu. Mwanafunzi wa darasa la tano angeiweza.

Dar es Salaam hadi Songea

Sehemu hii sitaieleza sana kwa sababu nililala. Makambako niliagiza wali nikaletewa ugali. Nilipouliza nikaambiwa wali ulikuwa wa basi lililotangulia. Asubuhi redio ya dereva ilikuwa imetangaza vipindi vya jua katika Nyanda za Juu Kusini, na tulipofika Njombe ikanyesha mvua ya kumwaga. Kama mwandishi wa makala nilifurahi kidogo. Kama mwenye begi lililo juu ya basi nilisikitika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kanga na flaneli ambazo mke wangu alimtumia Skola kwa ajili ya mtoto.

Songea hadi Kitai

Kwenye basi la kwenda Mbinga nilikaa na mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Haule, mtu mwembamba mwenye koti la mtumba lililotengenezwa kwa ajili ya theluji. Alinitazama, akatazama dirishani, akanitazama tena.

"Samahani mzee. Wewe si yule wa gazeti? Wa hali ya hewa?"

Nilikiri kwa unyenyekevu ambao ndani yake haukuwa unyenyekevu.

"Makala yako niliisoma nusu. Nzuri sana."

"Nusu?"

"Nusu ya pili mke wangu alifungiwa maandazi."

Nilimwomba anisimulie aliyoisoma. Ilikuwa ile nusu inayoeleza kompyuta, na kuuliza kama binadamu anaweza kuijua mvua ya mwezi ujao. Ile nusu inayojibu hapana ilikuwa imekwenda na mafuta ya maandazi.

"Sasa tusaidie," alisema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Watu wako kwenye maharage. Wiki hii mvua vipi?"

"Sijui."

Basi zima likacheka. Halafu likaacha kucheka.

"Hujui kweli?"

"Sijui, Mwalimu. Wala hakuna anayejua."

Mwalimu Haule alishusha sauti na kunigusa goti. "Nimekuelewa, mzee."

Hakuwa amenielewa, na mimi sikuelewa kwamba hakunielewa. Baadaye sana ndipo nilipopata mwanga. Sisi hatutoi habari mbaya njiani. Mtu akitumwa kuleta taarifa ya msiba husema mgonjwa kazidiwa, njoo nyumbani, na anayeambiwa hujua aanze kulia. Sasa mtaalamu kutoka Dar es Salaam anaulizwa mvua, anasema sijui, tena hatabasamu. Kwa watu waliolelewa vizuri, huyo ameshasema yote.

Kitai

Kitai basi lilisimama ili tule, na ili tairi lizibwe. Nilishushiwa begi. Lilikuwa limelowa, na kwa kuwa lilikuwa limesafiri jirani na mbuzi, flaneli za mtoto zilinuka beberu. Nikaona nitafute kitu cha kulifunika kwa safari iliyobaki.

Kuna duka pale la Mama Kinunda, mwanamke mnene mcheshi ambaye tangu biashara iwe huru anauza kila kitu kinachoweza kukunjwa. Nailoni zilikuwa zimesimama mlangoni kwa majora.

"Karibu baba. Mita ngapi?"

"Ya kufunika begi moja."

"Begi moja nisikukatie jora jipya. Chukua hiki kipande kilichobaki, nikuachie chote."

Kile kipande kilikuwa cha ukubwa wa chumba. Mimi siwezi kubishana na mwanamke anayecheka, kwa hiyo nilikichukua, nikakikunja, nikakibeba begani kama godoro. Nje alikuwa amesimama Mwalimu Haule na watu kadhaa. Waliitazama nailoni, wakanitazama usoni, wakaitazama tena nailoni. Ng'ambo ya barabara mama mmoja aliyekuwa ameanika maharage kwenye mkeka alianza kuyazoa haraka haraka. Nilidhani yamekauka.

Nilipokuwa nakula ugali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nilimsikia Mama Kinunda akisema kwa furaha, "Jamani, taratibu, zipo nyingi!" Muda huo huo pikapu moja ilipita kuelekea Mbinga, na baadhi ya wale waliokuwa wamesimama dukani wakadandia, wasingoje tairi letu. Hilo nalo sikulitilia maanani. Sasa nalitilia.

Mbinga

Kosmas alikuwa ananingoja stendi. Yeye na mimi ni wanyumba, yaani tumeoa dada na mdogo wake, na kwa kuwa mimi nimechukua mkubwa, yeye huniamkia.

"Shikamoo, mwanyumba."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Za hapa si nzuri sana."

"Skola?"

"Skola mzima. Lori ndilo halipo."

Nikaelezwa. Kulikuwa na dereva aitwaye Mapunda, mwenye lori linaloteremsha saruji Mbamba Bay, ambaye alikuwa amemwahidi Skola kiti cha mbele Jumamosi. Sanduku lake la hospitali walikuwa wamelitanguliza, limepakiwa tayari.

"Sasa leo mchana," Kosmas alisema, "watu wameshuka kwenye pikapu wakasema kuna mtaalamu wa mvua kutoka Dar, kapita Kitai kanunua nailoni, kabeba jora zima. Mapunda kasema yeye hangoji kukwama mlimani. Kawasha kaondoka, na sanduku letu ndani. Tumekimbia nyuma yake mpaka..."

Alikuwa anatazama bega langu.

"Hiyo ni nini?"

"Nailoni."

Tulitazamana, wanaume wawili wazima, katikati ya stendi.

"Ni ya begi," nikasema.

Kwa kina Kosmas

Milima ya Umatengo ukiitazama kwa mbali inaonekana kama imefunikwa na sega la nyuki. Ni ngolo. Majani hukatwa, hulazwa kwa miraba mtelemkoni, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani, na linabaki shimo. Mvua ikinyesha kidogo, shimo linaishika. Ikinyesha nyingi, shimo linaizuia isishuke na shamba. Kukata na kulaza majani ni kazi ya mwanamume, kufukia ni ya mwanamke. Mwaka huu, kwa sababu ya tumbo la Skola, Kosmas alikuwa anafukia mwenyewe, na wanawake waliopita njiani hawakumwacha.

"Dada Kosmas, pole na kazi!"

"Asanteni."

"Usisahau kuchota maji ukimaliza!"

Skola nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, uso mtulivu. Alinisalimia, akaniuliza habari za dada yake, halafu akasema, "Shemeji, wanasema umeleta mvua."

"Sijaleta kitu."

"Sawa," akasema, akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa kuku kwa macho.

Jioni ile ukoo ulikusanyika. Wamatengo wana utaratibu wanaouita sengu: wanakula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba na chungu chake, na shauri linazungumzwa chakula kikiwa katikati. Kosmas alisema siku hizi ni nadra, kila mtu anakula kwake, lakini kwa jambo hili baba yake mkubwa, Mzee Alanus, aliita. Mgeni anapaswa kuonja kila chungu. Nilionja maharage ya nyumba hii, kisamvu cha nyumba ile, kuku wa nyumba ya tatu, na ugali wa kila mahali, mpaka nikawa napumua kwa mabega.

Shauri lilikuwa hili. Mfanyabiashara wa maharage, Bwana Hyera, alikuwa na pikapu ya kuteremka ziwani. Je, Skola ateremke naye, au angoje Mapunda arudi? Mlimani mvua ikiwakuta, gari litakwama, na yaliyotokea mwaka juzi yatatokea tena, safari hii porini. Akibaki, mvua ikikata barabara, yatatokea tena hapa hapa. Hakuna aliyesema neno "mtoto". Walisema "yale".

Mzee Alanus alinawa mkono, akanigeukia. "Baba, sisi tumekula. Sasa wewe sema."

Nilitamani kuwa na kitu cha kusema. Nikasema nilichokuwa nacho. "Baba mkubwa, sijui."

Wazee waliitikia kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine.

"Mgeni amesema," Mzee Alanus alitangaza. Na mara wakaanza kubishana juu ya nilichosema. Nusu walisema nimesema mvua inakuja, kwa hiyo asiondoke. Nusu walisema nimesema mvua inakuja, kwa hiyo aondoke upesi. Nilijaribu kuingilia nikaambiwa nisijisumbue, nimeshasaidia vya kutosha. Nilimtazama Skola pale mlangoni. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma na kunitazama, kama mtazamaji wa mpira asiyekuwa na timu.

Walikata shauri ateremke na Hyera. Lakini Hyera naye alikuwa amesikia habari za nailoni, akasema ataondoka mvua ikishapita. Basi tukaingoja mvua ipite. Haikuja. Jua liliwaka kesho yake, likawaka keshokutwa yake, jua la kukaushia viazi. Vijana wakawa wananiamkia njiani, "Shikamoo, Bwana Mvua! Leo tuanike au tuanue?" Nilimlalamikia Mzee Alanus kwamba ninalaumiwa kwa mvua ambayo sikuiahidi.

"Hapana baba," alinituliza. "Kwa mvua hatukulaumu. Tunakulaumu kwa jua."

Kuteremka ziwani

Mwishowe Hyera aliona aibu kungoja kitu kisichokuja, tukaondoka. Skola alikaa mbele naye. Mimi nilikaa nyuma, juu ya magunia ya maharage, nikiwa na begi langu, nailoni yangu, na kuku aliyefungwa miguu ambaye hakuna aliyenieleza ni wa nani. Mbingu ilikuwa buluu tupu. Barabara ile inateremka kwa kujizungusha, na kila kona unaliona ziwa limelala chini, halafu linafichwa, halafu unaliona tena upande mwingine, mpaka hujui liko wapi.

Kwenye kona moja tulikuta lori. Mapunda alikuwa amekaa kivulini mwake anasonga ugali kwenye sufuria ndogo. Springi ilikuwa imekatika. Hyera alisimama, na kabla sijashuka Mapunda alikuwa ameshaambiwa mimi ni nani.

"Kumbe ndiye wewe!" Alisimama na mwiko mkononi. "Mvua yako iko wapi?"

"Ndugu yangu, mimi sikusema mvua."

"Nimekimbia mvua yako. Kwa haraka ile nimepiga jiwe, springi imekwenda. Utingo nimemtuma Songea akatafute nyingine. Nimeanikwa hapa kama usipa. Na tone sijaliona!"

Niliuliza sanduku la Skola. Mapunda alionyesha saruji kwa mwiko. Lilikuwa la kwanza kupakiwa, kwa hiyo lilikuwa chini kabisa, na juu yake ulikuwepo mlima.

Hapo akili yangu ilianza kuzunguka kama ile barabara. Kama nisingenunua nailoni, Mapunda asingeondoka kwa haraka, springi ingekuwa nzima, na Skola angekuwa Liuli tayari na sanduku lake. Kwa hiyo kosa ni langu. Lakini jiwe lingekuwepo tu, na kama angelipiga siku ya Jumamosi Skola angekuwa amekaa hapa pamoja naye, porini, na tumbo lile. Kwa hiyo nimemwokoa. Lakini kosa laweza kuwa la mbuzi aliyenukisha begi. Au la yule aliyefunga maandazi. Nilikuwa nimeandika makala nzima kuhusu jambo hili na bado nilisimama pale kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina la babu yake.

Wakati nawaza hivyo wingu moja lilichungulia juu ya mlima, na mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilianza katikati.

Mapunda alitoka kivulini akanyoosha mikono. "Si nilisema!" alipiga kelele, maji yakimtiririka. "Si nilisema mimi!" Alinijia akanishika mkono kwa nguvu, kama mtu aliyeshinda kesi, na papo hapo akaniomba nimuuzie nailoni afunike saruji yake, kwa sababu turubai lilikuwa na matundu. Kusema kweli nilikuwa naifungua nimpe. Ndipo kioo cha mbele cha pikapu kikagongwa kwa ndani.

"Shemeji," Skola aliita, bila kupandisha sauti. "Yameanza."

Niliikunja nailoni. Hyera akawasha gari. Kutoka pale hadi chini nakumbuka vipande tu: tope, magurudumu yakizunguka bure, mimi nikisukuma gari na kuku mkononi, Hyera akisali kwa Kingoni, na kwenye kioo kidogo macho ya Skola yakiwa yamefumbwa.

Mbamba Bay hadi Liuli

Mbamba Bay tulifika jua likiwa limeinama. Mvua ilikuwa imebaki mlimani, lakini tuliambiwa mto umepita juu ya barabara ya Liuli na gari haliwezi. Ilibaki boti. Mwenye boti ya mashine alikuwa Stiveni, mtu wa makamo mwenye fulana ya timu ya kigeni. Aliutazama uso wa Skola, akaanza kufungua kamba. Kisha akasikia Hyera akinitaja, akasimama.

"Kumbe huyu ndiye yule mtaalamu?"

Hata huku.

"Basi afadhali," Stiveni alisema. "Maana lile wingu la kule silielewi. Mzee, upepo utageuka? Ukisema twende, tunakwenda. Ukisema tungoje, tunangoja."

Katika makala yangu nilikuwa nimeandika sentensi nzuri sana kuhusu mipaka ya ujuzi wa binadamu. Mhariri aliisifu moja. Sasa nilisimama mchangani, na mbele yangu mwanamke ameinama ameshika ubavu wa boti kwa mikono miwili, na nilikuwa tayari kuzibadilisha sentensi zote hizo kwa neno moja la uhakika juu ya lile wingu. Niliwaza kusema twende, nijifanye najua. Niliwaza kama nikikosea. Niliwaza kusema tungoje, na kama nikikosea hapo.

"Sijui," nikasema.

Stiveni aliiachia kamba. "Basi tungoje. Mtaalamu akisema hivyo..."

"Stiveni." Ilikuwa sauti ya Skola. Alikuwa bado ameinama, anaongea na ubao wa boti. "Nisikilize, kaka yangu. Huyu ni shemeji yangu. Hajui kitu."

"Dada, mtaalamu hawezi..."

"Hajui kitu! Nimekaa naye nyumbani, nimemtazama anavyokula, nimemtazama anavyojibu wazee. Nakuhakikishia hajui chochote, mvua wala upepo. Akisema sijui, basi hajui. Hakuna kilichofichwa. Sasa wewe, wewe mwenye ziwa, kwa macho yako unaonaje?"

Stiveni aligeuka akalitazama ziwa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kwamba alilitazama bila kunitazama mimi kwanza.

"Sina hakika. Naona linapitika."

"Washa mashine."

Sijawahi kutetewa vizuri namna ile.

Tulimlaza juu ya magunia matupu, tukamfunika nailoni, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanarusha maji ndani. Mimi nilishika pembe moja isipeperuke. Mbali, katikati ya ziwa, niliona moshi mkubwa umesimama kama nguzo, na nyuma yake nguzo nyingine. Nilimwuliza Stiveni ni mji gani unaungua.

"Hao ni wadudu wa ziwani, mzee. Wanaibuka kwa pamoja." Alifikiri kidogo. "Hyera anasema uliandika kwamba kipepeo mmoja analeta tufani. Kweli?"

"Ni namna ya kusema."

"Basi hao hapo. Wahesabu."

Chini ya nailoni Skola alicheka. Kisha kicheko kikakatika katikati na mkono wake ukatoka ukashika kifundo cha mguu wangu, akakibana, na hakukiachia mpaka tulipoona mawe makubwa ya Liuli. Upepo ukageuka tukiwa karibu kabisa na ufukwe. Ungegeuka mapema kidogo, sijui. Mnaona neno lenyewe halinitoki mdomoni.

Liuli

Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo ufukweni walimpokea wakampandisha hospitali. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache.

"Vifaa viko wapi? Mpira wa kitandani, wembe, uzi, kanga?"

"Sanduku liko mlimani," nikasema. "Chini ya saruji."

Nesi alichukua kanga na flaneli kwenye begi langu, akazinusa, akanitazama. Wembe na uzi aliazima kwa mama wa kitanda cha jirani. Kisha akaona nilichoshika.

"Hiyo nayo?"

"Ni nailoni. Ya begi."

"Lete."

Aliisugua kwa sabuni na dawa, akakata kipande cha kutosha kitanda, akaingia nacho, mlango ukafungwa.

Mama mkwe alifika na chungu cha uji, akiwa peku. Nilimwamkia, akaitika, akakaa nami kwenye benchi, nyuma yetu ukuta wa chumba kile. Sikuwahi kumwona mwanamke huyo akinyamaza, kwa miaka yote tangu nimwoe binti yake. Sasa alikuwa ameegemeza kichwa ukutani anasikiliza. Uji ulipoa. Alikuwa hamsikilizi Skola, Skola tulimsikia wote wawili. Alikuwa anasikiliza ile sauti nyingine, ambayo mwaka juzi haikutoka.

Ilitoka. Kwanza kama mlango wenye bawaba kavu, halafu kwa hasira kabisa.

Mama mkwe hakupiga vigelegele. Aliniwekea mkono kichwani, kama mtu anayejaribu kama chungu bado kina moto, akauacha hapo.

Tuliporuhusiwa kuingia, alikuwa mtoto wa kike, na chini yake nailoni ya Kitai iking'aa. Mama mkwe aliigusa, akanigeukia.

"Baba Neema. Nesi ameniambia. Sanduku limebaki, mpira umebaki, wewe ulikuwa nayo. Ulinunua tangu Kitai. Ulijuaje?"

"Mama, sikujua."

"Ulijua, hukutaka kututisha."

"Mama, nilifunika begi. Sikujua."

"Ndivyo wasomi mnavyosema. Mimi nakuuliza ulijuaje."

"Sikujua, Mama!"

"Mama, mwache," Skola alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Kasema hakujua. Hata mimi sikujua kama nitafika. Mtoto ataitwa Sikujua."

"Hilo la nyumbani," Mama mkwe alisema haraka. "La ubatizo tutatafuta."

Lakini nesi alikuwa ameshaliandika.

Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile. Mlimani lori halikuwepo tena. Mbinga nilimkuta Kosmas akijiandaa kuteremka kumwona binti yake. Alikuwa amemaliza ngolo zote peke yake, na wanawake wa pale walikuwa wamempa zawadi ya jembe la kike, dogo, lenye mpini uliopambwa. Alilibeba kwa fahari.

Basi liliposimama Kitai niliteremka kunyoosha miguu. Mama Kinunda alinipungia kutoka mlangoni. Majora yalikuwa mapya. Upande wa Songea mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Begi langu, ambalo sasa halikuwa na kifuniko kwa kuwa nailoni yote niliiacha Liuli, lilikuwa juu ya basi, na ndani yake mlikuwa na usipa wa mke wangu kutoka kwa mama yake, waliokauka vizuri. Niliingiza mkono mfukoni. Na pale pale nikaona watu wameacha kula. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na ungo wa maharage mikononi, hajui ashushe au apandishe, ananingoja mimi.

Nilitoa mkono mfukoni mtupu. Nikarudi kwenye basi nikakaa.

Mvua ilitunyeshea kutoka Kitai hadi Songea. Usipa walifika Dar es Salaam wakiwa na hali ambayo sitaieleza. Mke wangu alisikiliza habari zote za Skola na za mtoto, akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akafungua begi, akarudi nyuma, akaniuliza kama kweli nimepita Kitai, penye nailoni zote zile, nikashindwa kununua hata kipande.

Nikamwambia niliogopa. Huenda mahali fulani kuna mwanamke amekaa kwenye kigoda, anangoja lori.